Power Trip walichukua nini kwa wazee wa thrashi? Jibu kwa mpiga gitaa wa Nairobi

Swali limetoka kwa kijana wa Nairobi anayepiga gitaa, nimelifupisha kidogo: "Bendi yetu tunaipenda sana Nightmare Logic ya Power Trip, tunaiweka kila tukikutana. Lakini mpiga dramu wetu anasema hiyo albamu ni kopi tupu, eti kila rifu ilishapigwa na Slayer ama Exodus kitambo. Ni ukweli? Na kama ni ukweli, mbona hiyo inatupiga vile na bendi zingine za kuiga thrashi ya zamani hazitufanyi kitu? Halafu kingine, sisi tunacheza fasta kabisa lakini watu wanasimama tu wanatuangalia. Tunakosea wapi?"

Mdogo wangu, umeuliza maswali matatu lakini mimi naona jibu lake ni moja, kwahiyo nitazunguka nalo taratibu mpaka nifike kwenye bendi yenu, vumilia tu maana hii albamu naipenda sana na nikianza kuiongelea sinyamazi mapema.

Tuanze na mpiga dramu wenu. Kwenye malighafi yuko sahihi kabisa. Nightmare Logic ya hawa Power Trip wa Dallas, Texas, ilitoka Februari 2017 kupitia lebo ya Southern Lord, nyimbo 8, dakika 32 na kidogo, na ukiichambua rifu (kile kipande cha gitaa kinachojirudia) moja moja hukuti kitu ambacho shabiki wa metali wa mwaka 1990 angeshindwa kukielewa. Rifu za kuziba nyuzi kwa kiganja zipo, solo fupi za kupiga makelele na ule mkono wa tremolo (kile chuma cha gitaa cha kuyumbisha sauti) zipo, watu kuitikia kiitikio kwa kelele kama genge lipo pia. Hata urefu ni wa kizamani, si unajua Reign in Blood ya Slayer ya 1986 ina nyimbo 10 na haifikishi nusu saa. Hata kava, ni mchoro wa rangi ya mafuta wa Muitaliano Paolo Girardi, mkono uleule uliochora na albamu yao ya kwanza Manifest Decimation ya 2013, na ukiuangalia unakumbuka enzi zile Michael Whelan anawachorea Sepultura na Obituary, picha imejaa mpaka pembeni, kila ukirudi unaona kiumbe kingine ambacho hukukiona jana.

Kwahiyo ndiyo, kila kitu kimetoka kwa wazee. Swali la maana ni kimetoka kwa wazee GANI, na wamechukua kitu gani kwao, hapo ndo mpiga dramu wenu anapotea njia kwa sababu akisikia thrashi, hii metali ngumu iliyochanganywa na panki miaka ya 80, kichwani mwake zinakuja Slayer na Exodus peke yake, na akili yake inakwenda kwenye kasi. Watu wengi wako hivyo, thrashi kwao maana yake ni kukimbia. Sasa nenda kaisikilize tena Nightmare Logic ukiwa na kalamu mkononi, andika kila mahali wanapokimbia na kila mahali wanapopunguza, utashangaa ni muda mwingi kiasi gani hawakimbii. Ule wimbo wao unaojulikana kuliko zote, Executioner's Tax, unatembea kwa kasi ya kati karibu wote! Wimbo uliowafanya wajulikane dunia nzima kwenye thrashi ni wimbo wa kutembea.

Power Trip walichochukua kwa wazee ni namna ya kupunguza mwendo. Hilo ndo jibu langu na yote yanayofuata ni kulielezea.

Rudi nyuma kidogo tuone ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 80 vijana wa California wanasikiliza metali ya Uingereza, Diamond Head, Venom, Motörhead, na wakati huohuo wanasikiliza panki iliyochacha ya Discharge na GBH, wanachanganya. Metallica wanatoa Kill 'Em All Julai 1983, Slayer wanatoa Show No Mercy mwisho wa mwaka huohuo, Exodus walikuwepo hata kabla (Kirk Hammett alitokea kwao kwenda Metallica) ila Bonded by Blood yao ilirekodiwa 1984 ikachelewa kutoka mpaka 1985. Upande wa California kilichokuwa kinatafutwa ni ufundi na kasi, nani anapiga haraka zaidi kwa kushusha mkono tu bila kupandisha, nani ana rifu nyingi zaidi ndani ya wimbo mmoja. Hiyo ndo thrashi anayoijua mpiga dramu wenu, na Power Trip wameila pia, usidhani nabisha, ukisikiliza Firing Squad ule msumeno wa gitaa na ule utamu wa rifu kufukuzana ni Exodus wa Bonded by Blood kabisa, pale Gary Holt alipokuwa anaandika rifu zenye ukatili lakini unaweza kuziimba kwa mdomo ukiwa unatembea njiani. Hilo la kuimbika litunze, nitalirudia.

Lakini upande wa pili wa Marekani, New York, kulikuwa na kitu kingine kinapikwa. Vijana wa hadikoo, yaani panki iliyozidi kuwa ngumu na fupi, wakaanza kuingiza rifu nzito za metali, na wao hawakuwa na shida sana na ufundi, shida yao ilikuwa ukumbi. Wanapigia watu mia mbili wamebanana mbele ya jukwaa la chini, na wanataka wale watu wafanye kitu. Cro-Mags wakatoa The Age of Quarrel mwaka 1986. Ukitaka kuelewa Power Trip na una nafasi ya albamu moja tu ya zamani, chukua hii, wala usianze na Slayer.

Weka wimbo wa kwanza, We Gotta Know. Kwa zaidi ya dakika nzima hakuna anayeimba. Inaanza rifu, dramu zinaijenga, inabadilika, inakaa kwenye mwendo mzito wa kutembea, inakujaza, unajua kuna kitu kinakuja na hawakupi, hawakupi, halafu ndo wanaruka kwenye kasi na John Joseph anaingia kuimba. Kasi yenyewe ukiipima sio ya ajabu, kuna bendi kibao za 1986 zilikuwa zinakimbia kuwashinda, lakini unaisikia kama umesukumwa ngazini, kwa sababu ya ile dakika iliyotangulia.

Wewe umekulia Nairobi, lingala umeisikia tangu utoto, unajua wimbo unavyoanza taratibu mwimbaji anabembeleza halafu sebene linaingia na hapohapo watu wanainuka vitini. Huku kwenye hadikoo na thrashi iliyochanganywa nayo mambo yamegeuzwa: wimbo unakimbia, watu wanazunguka mbele ya jukwaa, halafu bendi inapunguza ghafla na HAPO ndo ukumbi unalipuka. Sebene lao ni pale wanapopunguza. Ukilishika hilo umeshaelewa nusu ya albamu.

Kiufundi kinachofanyika ni hiki, na mwambie mpiga dramu wenu asome hapa vizuri. Kwenye sehemu ya kukimbia kiki (dramu kubwa ya mguu) na snea (dramu ya mkono yenye mlio mkali) zinapokezana haraka haraka, moja moja, hakuna nafasi ya kupumua. Kwenye sehemu ya kupunguza gitaa mara nyingi halipunguzi chochote, mkono unaendelea na mwendo uleule, kinachobadilika ni snea. Hesabu moja mbili tatu nne, snea iliyokuwa inaanguka kwenye mbili na kwenye nne sasa inaanguka kwenye tatu peke yake. Basi. Sikio linafuata snea, kwahiyo mwili wako unaamini wimbo mzima umepungua nusu na kila pigo limekuwa na uzito mara mbili, wakati mpiga gitaa bado anachapa vilevile. Kichwa kinashuka chenyewe, huhitaji kuambiwa.

Chris Ulsh aliyepiga dramu kwenye hii albamu anajua hilo jambo kuliko wapiga dramu wengi wenye majina makubwa. Alikuwa pia kwenye Mammoth Grinder ya Austin, na ukimsikiliza utaona hajazi nafasi, snea inakaa palepale unapoitarajia, anaacha rifu iongee. Kwenye thrashi hiyo ni nidhamu kubwa sana, maana kila mpiga dramu mwenye miguu yenye nguvu anataka tumsikie miguu.

Haya, turudi Executioner's Tax tuiangalie kwa karibu maana ndo darasa lenyewe. Rifu inapigwa kwa kushusha mkono, kiganja kimelala juu ya nyuzi karibu na daraja la gitaa, inakata, inaacha nafasi, inakata tena. Sikiliza zile nafasi. Mtu wa kawaida akiandika rifu anaogopa nafasi, anaona kama ameishiwa, anaweka noti ndogondogo hapo katikati ili ionekane anajua. Hawa wameiacha wazi, na ndani ya ile nafasi unasikia dramu inapumua na sauti ya mwimbaji Riley Gale inabaki ikielea na mwangwi wake. Kiitikio kinakuja maneno machache tu ambayo mtu asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kuyapiga kelele akiyasikia mara ya pili. Rifu inaimbika (ndo hilo nililosema utunze), kiitikio kinaimbika, mwendo ni wa kutembea. Mchanganyiko huo ni wa Exodus na Cro-Mags kwenye sufuria moja, na Exodus wenyewe walilijua hili baadaye, Toxic Waltz ya 1989 ni wimbo wa mwendo wa kati kuhusu watu wanavyosukumana mbele ya jukwaa, na mpaka leo ni moja ya nyimbo zao zinazochangamsha ukumbi kuliko hata zile za mbio.

Wengine wa kuwasikiliza nitawapitia haraka. Leeway wa New York, Born to Expire ya 1989, hao ndo walioleta magitaa ya kimetali yenye ufundi ndani ya hadikoo bila kupoteza ule mwendo wa kuchezeka, na watu hawawataji inavyostahili, weka Rise and Fall utaniambia. Nuclear Assault, Game Over ya 1986, kwa ajili ya ile hasira ya kijamii. Sepultura wa Brazil, Arise ya 1991, hii ni muhimu zaidi ya unavyodhani, Dead Embryonic Cells inakuonyesha bendi ya thrashi iliyoanza kugundua kwamba rifu ya taratibu inaua kuliko ya mbio, miaka kabla hawajatoa Chaos A.D. Obituary wa Florida kwa uzito ule wa matope, hao ni death metali, yaani metali nzito zaidi ya sauti za kunguruma, lakini Power Trip wanawadai... hapana, wao ndo wanadaiwa na Obituary, kwa zile sehemu nzito zinazoburuzika. Na Celtic Frost wa Uswisi, To Mega Therion ya 1985, huko ndo ulikotoka ule mguno anaoutoa mwimbaji kabla rifu haijaangukia, "ugh!" ya Tom G. Warrior. Riley Gale alikuwa anaguna vile mahali pake sawasawa, na mguno ni alama pia, unamwambia msikilizaji sasa tunashuka, jiandae.

Slayer nimewaacha mwisho makusudi. Wamo, kwenye solo hasa, ule mtindo wa Blake Ibanez, mpiga gitaa wa Power Trip, wa kuingia, kupiga kelele na tremolo, kutoka, bila kuhubiri, ni mtoto wa Hanneman na King, wapiga gitaa wa Slayer. Na Jeff Hanneman mwenyewe alikuwa mtu wa panki mno, mwaka 1996 Slayer walitoa albamu ya kurudia nyimbo za panki na hadikoo, Undisputed Attitude. Kwahiyo hata ukimfuata Slayer mpaka mwisho unarudi palepale kwenye hadikoo.

Sasa kwanini vijana wa Dallas, mbali na New York na mbali na California, waliipata hii kitu vizuri hivyo? Kwa sababu ya walikokulia. Power Trip walianza 2008 na walikulia kwenye mazingira ya hadikoo ya Texas, maonyesho yao ya mwanzo yalikuwa mbele ya watu wa hadikoo, vyumba vidogo, bendi tano sita usiku mmoja, kila moja ina dakika chache. Ukipigia watu wa namna ile huwezi kuwaletea wimbo wa dakika nane wenye rifu ishirini, watakwenda nje kuvuta sigara. Unajifunza haraka ni rifu ipi inawasogeza na ipi inawapoza, na ile isiyowasogeza unaitupa hata kama umekaa nayo wiki nzima. Na karibu nao, Austin, kulikuwa na Iron Age, albamu yao The Sleeping Eye ya 2009 tayari ilishaunganisha hadikoo na thrashi nzito kwa namna ambayo ukiisikia leo unasema kumbe! Watu wanaruka kutoka 1986 kwenda 2017 kama vile katikati hakukuwa na kitu, kumbe mafundisho mengi yalipitia kwa majirani. Texas yenyewe ina historia ndefu kwenye hii mambo, D.R.I. waliotoa albamu iliyoitwa Crossover mwaka 1987, jina lililobaki kuwa la aina nzima ya muziki, walianzia Houston kabla ya kuhamia San Francisco.

Hapo ndo napata jibu la swali lako la pili, mbona bendi zingine za kuiga hazikufanyi kitu. Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na wimbi kubwa la thrashi kurudi, bendi nyingi sana, na nyingine nzuri kweli, Municipal Waste wa Richmond na The Art of Partying ya 2007 mimi naiheshimu mno na haina uzee mpaka leo. Lakini wengi wao waliiangalia thrashi kutoka nje, kwenye picha, wakachukua kile kinachoonekana kwenye picha: jeans ya kubana, raba nyeupe, jaketi limejaa viraka, kava la mazombi, na kasi ya mwanzo mpaka mwisho. Ukisikiliza albamu ya namna hiyo nyimbo tatu za kwanza unafurahi, ya tano unashika simu. Sikio likipewa kasi muda wote linaizoea na inageuka kimya. Slayer kwenye Reign in Blood wanaanza wimbo wao wa mwisho kwa kelele za ngurumo na dramu tatu tatu za taratibu, na hao ndo wanasifiwa kuwa wenye mbio kuliko wote, kwahiyo ukisikia mtu anakwambia thrashi ni kasi tu ujue hata Slayer hajawasikiliza mpaka mwisho.

Kuna suala la sauti ya studio pia, nalo lina uzito wake. Albamu nyingi za metali za miaka ya 2000 na kuendelea zilisafishwa kupita kiasi, kila pigo la kiki limebadilishwa na pigo la kompyuta, yote yana nguvu sawa, yote yamenyooshwa kwenye mstari. Nightmare Logic ilitengenezwa na Arthur Rizk wa Philadelphia, naye ni mwanamuziki wa metali mwenyewe, na ukiisikiliza kwenye spika nzuri unasikia kuna chumba, kuna mtu amekaa anapiga, snea nyingine inagonga zaidi na nyingine kidogo. Sauti ya kuimba imewekewa mwangwi mrefu ikakaa nyuma kidogo ya magitaa, kama mtu anayepiga kelele kutoka mwisho wa korido ndefu. Kwenye Manifest Decimation ule mwangwi ulikuwa mwingi mno, mpaka unameza maneno, kwenye Nightmare Logic wameupunguza na rifu zikatoka mbele, mimi naona huo ndo uamuzi bora kuliko yote uliofanyika studio. Na usifikiri hiyo sauti ni kumbukumbu ya kaseti. Ni chaguo zuri kiasi kwamba wazee wenyewe wakamfuata Rizk, Max na Igor Cavalera, waanzilishi wa Sepultura, wakafanya naye Psychosis mwaka huohuo 2017, na Kreator wa Ujerumani, wale wa Pleasure to Kill ya 1986, wakamchukua kwa Hate Über Alles ya 2022. Kama ingekuwa kopi tupu, mwenye asili angemfuata anayemnakili kwa lipi?

Na maneno ya nyimbo, siwezi kuyaruka. Riley Gale aliandika kuhusu watu wanaokandamizwa, kuhusu wanaotumia dini kuwanyonya maskini kwenye Crucifixation, kuhusu nani atasimama kama sisi hatusimami kwenye If Not Us Then Who. Hicho nacho ni cha wazee, Nuclear Assault na Sacred Reich waliimba siasa za enzi ya rais Reagan waziwazi, ila wengi walioiga walikiacha kwa sababu zombi ni rahisi zaidi. Gale alifariki Agosti 2020 akiwa na miaka 34, familia yake ikaomba watu wachangie Dallas Hope Charities, shirika linalosaidia vijana wasio na makazi, na hilo linakwambia aliyoyaandika aliyaishi. Miezi michache kabla, mwaka huohuo, alikuwa ameimba na Body Count ya Ice-T kwenye Point the Finger, na kwenye tuzo za Machi 2021 Executioner's Tax ya jukwaani, ile iliyorekodiwa Seattle 2018, ikawa imeteuliwa Grammy ya metali pamoja na Body Count haohao, walioshinda. Bendi ilirudi jukwaani mwisho wa 2023 na mwimbaji Seth Gilmore. Iliniuma sana kifo kile na bado kinaniuma, naomba ile rekodi ya Seattle uisikilize hata kama albamu unayo, utasikia jinsi ukumbi unavyoitikia pale wanaposhuka mwendo.

Sasa bendi yenu. Sijawasikia lakini umesema mnacheza fasta kabisa na watu wanasimama, hilo limenitosha kujua pa kuanzia. Watu hawasimami kwa sababu hawapendi, wanasimama kwa sababu hamjawaambia waanze lini. Kasi inasisimua masikio ila mwili unahitaji kuonyeshwa mlango wa kuingilia, na mlango ni pale mnapobadilisha mwendo. Kwa Nairobi ni muhimu zaidi kwa sababu wengi wanaokuja kuwaona hawajakulia kwenye thrashi, hawajui kwamba hapa ndo pa kuruka, lazima wimbo wenyewe uwaambie.

Fanya hivi. Chukua wimbo wenu mmoja mnaoupenda, msiandike mpya. Rekodi mazoezi kwa simu tu, halafu kaa na karatasi uandike kila rifu inapigwa mara ngapi na snea iko mwendo gani. Nina uhakika utakuta rifu nzuri kuliko zote imepigwa mara mbili ikapita, na snea ni ileile mwanzo mpaka mwisho. Hiyo rifu nzuri itoeni katikati, irudisheni mwishoni mwa wimbo, gitaa lipige vilevile halafu mpiga dramu ashushe snea kwenye tatu peke yake. Kabla ya kushuka wote mnyamaze kwa pigo moja, gitaa moja tu libaki, au mwimbaji agune. Pigeni mara nne, sio mbili, maana mara ya kwanza watu wanashtuka, ya pili wanaelewa, ya tatu na ya nne ndo wanacheza. Bezi iwe inaonekana hapo, msiifukie chini ya magitaa, uzito wote wa sehemu ya taratibu uko kwenye bezi na kiki kupigwa kwa pamoja kabisa.

Na mpunguze maneno kwenye kiitikio. Hapo ningewaza hata Kiswahili, maneno mawili matatu yenye vokali wazi mwishoni yanapigika kelele kuliko Kiingereza, jaribuni muone ukumbi ukiitikia. Hapohapo mjini kwenu walitoka Duma, albamu yao ya 2020 ilitoka na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wale hawapigi thrashi lakini walichukua muziki wa grindi (metali ya mbio na kelele kupita kiasi) wakaupeleka walikotaka wenyewe bila kuomba ruhusa, kwahiyo msiogope kuvunja kanuni.

Albamu za kusikiliza wiki hii kwa mpangilio ninaoupenda mimi: The Age of Quarrel kwanza, kisha Bonded by Blood, kisha Arise, halafu Born to Expire, ndipo mrudi Nightmare Logic, na mpiga dramu asikilize akiwa amekaa kwenye kiti chake cha dramu na fimbo mkononi. Mkishamaliza kurekebisha wimbo nitumie ile rekodi ya simu, ya kabla na ya baada, nitasikiliza zote mbili.